Masikio ya Inspekta

Msiniulize alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Hakuniambia, na katika miaka kumi na moja niliyofanya kazi chini yake sikupata mwanya wa kuuliza. Ukifungua mdomo kwa jambo lisilohusu injini alikutazama tu, mpaka ukajiona umekosa adabu. Sisi tulimwita Inspekta. Mkewe alimwita Inspekta. Hata mchungaji wao akimwombea kanisani alisema, "Na umkumbuke Inspekta," kana kwamba Mungu naye anamjua kwa cheo.

Jina hilo lilimpa sifa asizozifanyia kazi. Kwake ni Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma, na kila Ijumaa alirudi huko kutoka Kitale tulikofanya kazi. Kina mama waliopika busaa, ile pombe ya kienyeji, kwenye njia ya kwake walisikia watu wakimsalimia, "Mulembe, Inspekta," wakajua basi, huyu ni polisi. Miaka yote hiyo akipita, mitungi inafunikwa, wazee wanatokea mlango wa nyuma na mirija yao mkononi. Yeye hakushuku kitu. Siku nilipomweleza alicheka mpaka akakaa chini kwenye kreti.

"Kumbe ndiyo maana barabara yetu iko na amani, bana," akasema, akarudi kazini.

Alikuwa mkaguzi wa injini za ndege. Si zile ndege kubwa mnazoziona zikipita juu ya Mlima Elgon bila hata kutusalimia. Zetu zilikuwa ndogo, za injini moja ya turbine na propela mbele, na zilibeba madaktari, walimu na makatoni ya dawa kutoka uwanja mdogo wa Kitale mpaka huko Turkana ambako barabara ni jina tu. Sisi mafundi tungeweza kufungua, kuosha na kufunga injini kutwa nzima, lakini ndege haikupaa mpaka yeye asaini kitabu chake na kugonga muhuri. Muhuri wenyewe ulikuwa wa duara, mdogo, unaotosha juu ya kifuniko cha soda. Aliuvaa shingoni kwa uzi, chini ya shati.

Kitu cha kwanza alichonifundisha hakikuwa injini. Kilikuwa mifuko. Nilifika pale nimetoka chuoni na vyeti vyangu kwenye bahasha, nimejipiga pasi, nikanyoosha mkono kumsalimia, naye akaninyooshea mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia.

"Toa," akasema.

"Nitoe nini, Inspekta?"

"Kila kitu. Saa, pete, kalamu, shilingi, vibanio vya nywele. Hii injini inavuta hewa na haichagui."

Nikatoa. Na si mimi peke yangu. Meneja wetu, mtu mpole aliyetembea na simu mbili, alizitumbukiza zote mbili kwenye mkebe huo kila alipokaribia ndege. Askofu mmoja aliyekuja kupanda ndege ya Lodwar alivuliwa msalaba wake wa kifuani pale pale, akaambiwa atarudishiwa akishafika mlangoni. Inspekta alipoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa chuo kule Kibabii, wenzangu walidhani atawaeleza mambo makubwa ya turbine. Wapi! Saa nzima aliongea juu ya mifuko. Nasikia walimpigia makofi wakiwa wamesimama, na nusu yao walikuwa wameshika mifuko yao.

Basi siku moja soketi namba kumi ya kufungulia nati ikapotea. Sheria yake ilikuwa kifaa kimoja kikikosekana ndege haitoki, hata kama abiria wamekalia masanduku yao pale uwanjani. Tulitafuta ndani ya injini, chini ya mbawa, kwenye nyasi kati ya kondoo wa majirani. Saa nne ikawa saa nane. Mvua ya Elgon ikaja ikapita. Mwishowe akafungua kikapu chake ale kiazi, na soketi iko humo, imelala juu ya kiazi. Hakuna aliyethubutu kucheka. Yeye akaifuta, akairudisha mahali pake, kisha akatoa kabatini daftari la mraba mraba kama la hesabu la watoto wa shule, akaandika: Nilibeba soketi kwenye kikapu cha chakula nikasumbua watu saa nne. Akatia sahihi, akaandika saa, akanisogezea.

"Weka sahihi ya shahidi."

"Mimi nikushuhudie wewe?"

"Ulikuwepo ama hukuwepo?"

Hilo lilikuwa daftari lake la makosa. Makosa yake mwenyewe, si yetu. Kila kosa lilikuwa na sahihi mbili, ya mkosaji na ya aliyeona, vile vile kazi nzito za injini zinavyohitaji watu wawili, mmoja afanye na mwingine ahakikishe. Kosa la sahihi moja, alisema, bado liko wazi. Nimefanya kazi na wakubwa wengi tangu wakati huo, na sijaona mwingine anayeweka daftari kama hilo. Wengi wanaweka la makosa ya wengine.

Lakini Inspekta alijulikana zaidi kwa masikio. Injini ya turbine ukishaikatia mafuta haisimami hapo hapo. Inaendelea kuzunguka yenyewe ndani kwa ndani. Mlio mkali unalegea, unakuwa mluzi, kisha unakuwa pumzi tu. Hapo ndipo tulipovua vifuniko vya masikio na kusikiliza. Ikiwa inanguruma, kelele yake inafunika kila ugonjwa. Ikiwa inatulia haina pa kujifichia. Kama kuna chuma kinagusa chuma utasikia kinakwaruza, na itasimama kabla ya wakati wake.

Kupima wakati huo mimi nilipewa saa ya kubonyeza. Yeye alitumia wimbo. Aliimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya kanisa lao, na kuna wimbo mmoja wa maziko aliouimba moyoni, midomo ikicheza kidogo, tangu mafuta yalipokatwa. Injini yenye afya ilisimama mwisho wa ubeti wa pili. Ile ya ndege yetu ya zamani ilivuka mpaka neno la kwanza la kiitikio. Nilimwekea mitego mara nyingi, namficha saa, namuuliza kwa ghafla, lakini wimbo wake na saa yangu havikupishana kiasi cha kuandikwa popote. Mpaka leo nikiusikia wimbo huo matangani huwa najikuta natazama juu kutafuta propela.

Mtu wa masikio namna hiyo ungedhani anayatunza. Sisi alitufokea tukisogelea injini inayonguruma bila vifuniko, na fundi mmoja alirudishwa nyumbani siku nzima kwa kosa hilo. Yeye mwenyewe alivaa, ndiyo, halafu akainua cha kushoto kwa kidole gumba ili asikie vizuri. Miaka yake yote aliinua cha kushoto. Nikimwambia, "Inspekta, sikio lako," alijibu kwa lafudhi yake ya Bungoma iliyoigeuza l kuwa r anapokasirika, "Wewe sikiriza injini, wacha sikio yangu."

Alikuwa na vituko vingine. Hakuwahi kupanda ndege hata mara moja, yeye aliyezipa ruhusa mamia ya mara. Marubani walimtania, "Niaje mzee, twende Lodwar leo turudi, si utaona mbuzi kutoka juu?" Akawaambia anazijua sana. Pikapu yake mwenyewe ilipiga kelele ya vali mbovu ambayo hata muuza mahindi ya kuchoma pale kituo cha Kitale aliisikia, na hakuitengeneza. Ati hiyo ikizimika inasimama kando ya barabara, hakuna shida.

Na ukutani kwake, kampuni ilipokwisha kuleta kompyuta ya kufuatilia injini, aliendelea kuchora grafu kwa penseli. Kila jioni rubani alileta vipimo vya safari, joto la turbine, mwendo, mafuta, msukumo wa oili, na yeye akaweka nukta moja moja, akazingatia kwamba Kitale iko juu na hewa yake ni nyepesi. Karatasi hizo zilifanana na kadi ya kliniki ya mtoto. Mstari ukianza kupanda kidogo tu, digrii chache zaidi ya wiki iliyopita, alisema injini inataka kuogeshwa, nasi tukaiosha asubuhi kwa maji safi wakati uwanja bado una umande. Mara nyingi kompyuta ilikubaliana naye siku mbili baadaye. Nilimpenda sana siku hizo, na sioni haya kusema hivyo.

Sijui masikio yake yalianza kuziba lini. Kwanza ilikuwa redio ya chai ya saa nne, aliyoipandisha mpaka kondoo wakainua vichwa. Kisha nikajikuta namjibia maswali. Meneja anauliza kutoka mlangoni, Inspekta ameinama kwenye injini, na mimi nasema, "Anasema Alhamisi," kabla watu hawajagundua kwamba hakusema chochote. Kisha akabadilisha mahali pangu. Zamani nilisimama ubavuni kwake tukisikiliza. Sasa alitaka nisimame mbele yake, tunatazamana, saa mkononi. Nilidhani ni mambo ya usalama. Wimbo wake aliendelea kuuimba, midomo ikicheza vile vile, na ukaguzi wake ulikuwa sahihi kama kawaida. Nikajiambia masikio yake yamekufa kwa binadamu tu, kwa injini bado yako hai.

Meneja aliniita ofisini.

"Wewe ndiye uko karibu na yeye. Niambie ukweli. Mzee anasikia?"

"Anasikia."

"Nikimwita hageuki."

"Labda hataki kugeuka. Si unamjua?"

Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nitakuja kusimama hapo mwenyewe mkiwasha. Kama hasikii, muhuri lazima aurudishe. Usione mimi ni mbaya, ni sheria. Hizo ndege zinabeba watu."

Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Nilijua meneja anasema kweli, na bado nilimchukia siku nzima. Inspekta bila ule uzi shingoni angekuwa nani? Mzee wa Mabanga mwenye pikapu mbovu. Nikaapa kwamba sitakuwa mimi wa kumvua.

Haikupita wiki mbili. Ndege ilikuwa imetoka kwenye matengenezo, na kesho yake asubuhi ilitakiwa kubeba daktari, wauguzi wawili na chanjo. Tukaigeuza ielekee upepo, nikasimama mbele kando, mbali na propela, mahali Inspekta anaponiona. Meneja akaja kweli, simu zake zikiwa kwenye mkebe, akasimama nyuma yake. Rubani akawasha, akapandisha nguvu, tukasoma vipimo vyote, vyote vizuri. Akakata mafuta. Nikabonyeza saa, tukavua vifuniko.

Mlio ukalegea, ukawa mluzi. Halafu nikasikia. Mkwaruzo mwembamba, kama kisu kinachopitishwa pembeni mwa sufuria, unakuja na kuondoka, unakuja na kuondoka. Midomo ya Inspekta ilikuwa bado katikati ya ubeti wa pili injini iliposimama kimya kabisa.

Alikuwa ananitazama. Nyuma yake meneja naye alikuwa ananitazama. Nikajua nikikunja uso tu, meneja ataelewa kwamba mimi nimesikia na mzee hakusikia. Kwa hiyo nikaufanya uso wangu kuwa mbao. Sikupepesa. Nilidhani namlinda.

Inspekta akamaliza ubeti wake, akaitikia kwa kichwa. "Iko sawa," akasema kwa sauti.

Akaenda mezani, akafungua kitabu cha ndege, akachukua kalamu. Akatoa muhuri chini ya shati. Mimi bado niko pale na saa mkononi. Nikamwona muuguzi mmoja wa safari ya kesho, aliyekuja mapema kupima makatoni yake, amekaa kwenye kivuli cha bawa la ndege nyingine, anakula ndizi. Nilitaka mtu mwingine aseme. Rubani hakuwa amevua vifuniko vyake, na meneja hakujua kusikiliza injini. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Inspekta," nikaita. Hakugeuka. Nikaenda nikamshika mkono ulioshika muhuri, jambo ambalo sijawahi kulifanya kwa mzee yeyote maishani mwangu. "Bado. Imekwaruza. Imesimama mapema." Nikamwonyesha saa.

Alitazama saa, kisha akanitazama mimi. Akaagiza kamera yenye mkia mrefu tunayoipitisha ndani ya injini, akaiingiza kwa mkono wake mwenyewe, na kwenye kioo tukaona ncha za mapanga ya turbine zimekula ukingo unaozizunguka, alama inang'aa upya. Ile injini isingefika popote pazuri. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba ndege haijaruhusiwa kuruka, akagonga muhuri. Kisha akavua uzi shingoni, akauweka mezani mbele ya meneja, akatoa saa yake na pete yake kwenye mkebe, na daftari lake kabatini. Tulisikia ile pikapu ikilia mpaka ikapotea upande wa Kiminini.

Hakuniaga. Siku ya kumuaga rasmi hakuja, alituma mtu achukue zawadi. Nami sikwenda kumwona. Ningemwambia nini? Nilikuwa nimemvua nguo mbele ya watu, baada ya yeye kunifundisha kila kitu ninachojua. Nikasoma, nikafanya mitihani, nikapata muhuri wangu, na miaka ikapita nikijua kwamba kuna nyumba moja Mabanga ambako siwezi kukanyaga.

Mwaka huu mkewe alinipigia simu.

"Inspekta anakutaka," akasema.

"Anaumwa, Mama?"

"Haumwi. Anakutaka tu. Kuja Jumamosi, na ukule kwanza, maana akianza hataacha mtu akule."

Nilimkuta kwenye kibanda chake cha kusagia mahindi, ameweka kiganja ukutani huku mashine ikinguruma ndani. Ndivyo anavyosikiliza siku hizi. Alikuwa amekonda, nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na vile vifaa vya kusaidia masikio alivyonunuliwa na watoto wake, ndani ya kiboksi chao.

"Vinaleta kelele yote," akaniambia kwa sauti ya kupita kiasi kabla sijamsalimia. "Hata kuku. Kuku ananihusu nini?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu tangu Kitale. Nikaanza, "Mzee, ile siku," na machozi yakanitangulia, nikapaza sauti, nikarudia, na yeye anatikisa kichwa kwamba hapati kitu. Mama akatuletea viti viwili nje. Inspekta akaingia ndani, akarudi na lile daftari la mraba mraba. Akalifungua ukurasa uliokunjwa pembe, akaniwekea mapajani.

Ilikuwa tarehe ya siku ile. Chini yake ameandika: Sijasikia injini yoyote kwa karibu mwaka mzima. Nilikuwa nasikiliza uso wa huyu msichana. Akisikia vibaya anakunja nyusi, na mimi nakataa ndege. Leo uso haukusema kitu nikataka kugonga muhuri. Kosa ni langu. Sahihi yake, na saa. Mahali pa shahidi palikuwa wazi.

Nikasoma mara tatu. Mwaka mzima mimi nilikuwa ndiyo masikio yake na sikujua, na siku moja niliyojifanya mwema kwake ndiyo siku niliyomziba. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya vyote.

"Haijafungwa," akasema, akiwa amenyoosha kalamu. "Miaka yote hii inanisumbua. Shahidi ni wewe."

Nikatia sahihi. Halafu sikumrudishia kalamu. Chini ya maandishi yake nikaandika ya kwangu: Nilisikia mkwaruzo nikauficha uso wangu, kwa sababu sikutaka anyang'anywe muhuri. Nikamwacha afike mezani. Nikaweka sahihi ya mkosaji, nikamgeuzia daftari.

Alivaa miwani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kama alivyosoma kitabu cha kila ndege. Mwisho wa mstari kidole kikasimama.

"Saa?" akauliza.

Nilikuwa nimesahau kuandika saa. Nikaiandika. Akainua macho akanitazama usoni, kutoka karibu, hana haraka, jinsi alivyonitazama siku zote zile nikidhani anatazama usalama. Uso wangu wote ulikuwa wazi, pua inatiririka, nyusi zimekunjika, na safari hii sikuficha kitu.

"Leo nakusikia vizuri," akasema, akatia sahihi.